Alhamisi Iliyobaki Kwenye Kioo

Asubuhi ya mwisho ya kawaida tulikunywa chai bila kusema mengi. Mke wangu alikuwa mezani na kompyuta yake. Mimi nilikuwa sakafuni, nimelilaza kochi la mteja miguu juu, nang'oa misumari ya zamani. Alikuwa anavuma wimbo usio na maneno. Akivuma hivyo ujue kazi imemkubali.

"Baba," akasema, "njoo uone. Nikibadilisha rangi huku, kule inabadilika yenyewe. Sijagusa kitu."

"Nimeona."

"Umeona nini na wewe kichwa kiko ndani ya kochi?"

"Basi nimesikia."

Akacheka. Kicheko chake kilikuwa cha puani, kama mtu anayezuia chafya. Nikatoka, nikaenda kutazama. Kijani kikawa buluu. Nikamwambia buluu inapendeza, nikarudi kwenye misumari yangu. Halafu simu ikalia. Baada ya ile simu hatukupata tena asubuhi ya namna hiyo, mpaka alipofariki.

Alikuwa mpiga chapa. Miaka mingi alikaa katika ofisi ya mawakili akichapa maneno ya watu wengine, mirathi yao na talaka zao. Ofisi ilipofungwa wenzake walikwenda kupumzika. Yeye alisema vidole vyake bado vina njaa. Binti yetu, ambaye anafanya kazi za kompyuta mji mwingine, akamtumia kompyuta yake kuukuu, akaanza kumfundisha kwa simu kutengeneza kurasa za mtandao. Mtaani wakampa jina, Mama Kompyuta. Wengine walimwita hivyo kwa kumsifu, wengine kwa kumkejeli.

"Mama Kompyuta, wewe umeshaolewa na mashine. Fundi tumtafutie mwingine?"

"Mtafutieni," anajibu, "ila awe hodari jikoni. Huyu mzee hashibi."

Mimi sikusoma. Herufi alinifundisha yeye, tukiwa tayari tuna mtoto. Kwa hiyo kazi yake naieleza kama nilivyoielewa.

Alitunza ukurasa wa zahanati ya macho iliyo mwisho wa barabara yetu. Mwenye zahanati ni daktari, mwanamke wa makamo, miwani yake ameifunga kamba shingoni. Kwenye meza ya mapokezi alikaa binti mmoja mwembamba, mwepesi wa maneno. Yeye ndiye alikuwa anampigia mke wangu simu kumwambia kipi kibadilishwe. Watu waliingia kwenye ukurasa ule kujua daktari gani yupo na siku gani. Lakini ukurasa ulikuwa mzito. Wagonjwa walilalamika kwamba bando linaisha kabla haujafunguka. Daktari akalisema hilo zaidi ya mara moja, na mara ya mwisho hakulisema kwa upole.

Binti yetu akasema dawa yake ipo. Ni chombo cha kufungasha, programu ya ndani ya kompyuta.

Ukurasa wa mtandao si kitu kimoja. Ni vipande. Maneno yana faili lake, rangi zina lake, vitufe vya kubonyeza vina lake, na picha vilevile. Mke wangu alikuwa akihifadhi, vinakwenda kimoja kimoja, vilivyo. Chombo hiki kinavikusanya vyote, kinapunguza yasiyo na kazi, kinavibana, kinaviweka kwenye folda moja iliyo tayari kwa safari. Nilipomwambia nimeelewa hivyo, alisema kwa mtu wa makochi inatosha.

Kukisimika kulimtoa jasho. Aliegemeza simu kwenye kopo la sukari, sauti ya binti yetu ikajaa chumba kizima.

"Andika hiyo amri, mama, kisha bonyeza."

"Nimebonyeza. Yamekuja maandishi mekundu."

"Yanasemaje?"

"Yanasema hayanielewi."

"Basi umekosea mahali. Angalia koma."

"Koma? Mimi? Nimechapa mirathi za watu mpaka wajukuu wao, nikose koma?"

Nikamwona anasogeza uso karibu na kioo cha kompyuta.

"Ipo," akasema. "Ilikuwa imejificha."

Binti akaangua kicheko huko aliko. Baada ya hapo vikaanza kushuka vipande vilivyoandikwa na watu wengine, vingi, mistari inakimbia kwenye dirisha jeusi la kompyuta. Mke wangu akauliza vyote hivyo ni vya nini, na ukurasa wenyewe ni mdogo vile.

"Ni wasaidizi wa hicho chombo, mama. Kila mmoja na kazi yake."

"Wote hao," nikasema mimi, "nani atawalisha?"

"Baba naye yumo!"

Kabla ya kukata simu, binti alimwonya jambo moja. Amri ni mbili. Ya kwanza ni ya kujionea mwenyewe. Unabadilisha neno, unaliona papo hapo limebadilika, lakini ni hapo kwenye kompyuta yako tu. Watu wa nje hawaoni kitu. Ya pili ndiyo inayofungasha, na ukishafungasha ndipo unapeleka. Mke wangu akasema amesikia. Nami nilielewa kwa njia yangu. Kitambaa nilichokishikiza kwa pini juu ya kochi kinaonekana kizuri, lakini mteja hawezi kulikalia.

Lakini mikono ina mazoea yake. Zamani alikuwa akibadilisha neno na kulihifadhi, limekwenda. Hapakuwa na hatua ya pili.

Siku moja katika hizo za kujifunza chombo, mimi nimekwenda kununua sponji, yule binti wa mapokezi akapiga simu. Haya mke wangu alinisimulia mwenyewe baadaye. Daktari bingwa wa mtoto wa jicho, anayekuja mara moja kwa mwezi, hangekuja Jumanne. Angekuja Alhamisi.

"Ngoja kwanza, usikate," mke wangu akamwambia. Akafuta Jumanne, akaandika Alhamisi. Ikabadilika mbele ya macho yake. "Haya, mwanangu. Imeshakaa. Naiona hapa."

Wakaagana. Mke wangu akafunga kompyuta, akaenda kuanua nguo. Hakufungasha, na hakupeleka kitu.

Sasa ile simu ya asubuhi niliyoanza nayo. Ilikuwa Jumanne. Daktari alikuwa anaongea kwa sauti ya juu, nikamsikia mpaka nilipokuwa.

"Mama, ukurasa wako unasema bingwa yupo leo. Nina wazee hapa wamejaa mpaka nje. Wametoka mbali, wengine hawaoni hata pa kukanyaga, waliowaleta wamekwisha ondoka. Nawaambia nini? Huyu binti alikupa siku mpya au hakukupa?"

Mke wangu alitazama kioo. Mimi nilikuwa namtazama yeye. Mkono wake ulisimama hewani juu ya kibodi.

"Sikumbuki kama aliniambia, daktari," akasema.

"Nilijua tu. Na hapa anaapa kwamba alikuambia! Anaapa mbele ya wagonjwa! Basi namwondoa hapo mapokezi leo hii. Wewe nirekebishie tafadhali."

"Narekebisha."

Aliandika amri moja, ile ya kufungasha. Mistari ikapita kwenye dirisha jeusi. Akapeleka. Punde simu ikatoa mlio wa ujumbe, akausoma kwa sauti kavu kama anasoma barua ya jirani: "Nimeona imebadilika. Asante kwa wepesi wako, mama."

Akailaza simu kifudifudi. Hakuvuma tena.

Nilidhani amechoka. Siku zilizofuata nikaona si uchovu. Alikuwa anaacha chai mpaka inapoa, anaimwaga, anapika nyingine, nayo anaiacha. Akikaa mezani alikuwa anafungasha ukurasa ambao haujabadilika. Anaandika amri ileile, anangoja, anapeleka, kisha anachukua simu yangu kuangalia watu wa nje wanaona nini. Alhamisi. Anarudia. Alhamisi. Hata Alhamisi yenyewe ilipopita na bingwa akaja akaondoka, yeye bado anaangalia.

Binti yetu alipopiga, alimweleza kwamba alisahau kufungasha, watu wakaja siku isiyo yao.

"Karibu chamani, mama!" binti akacheka. "Hilo limetukuta wote. Mimi mwenyewe niliwahi kukaa nashangaa nusu siku kwa nini bosi haoni kazi yangu."

"Eh," mke wangu akasema. Ya yule msichana wa mapokezi hakuyagusa.

Nikamuuliza ana nini.

"Sina kitu."

"Hicho kitu usichokuwa nacho ndicho kinakunyima kula?"

Akafunika kompyuta kwa kitambaa chake. Akanieleza. Kusahau, alisema, hakumsumbui, kusahau ni kusahau.

"Alipopiga daktari nilikuwa naitazama, baba. Ananiuliza niliambiwa au sikuambiwa, na Alhamisi iko hapa mbele yangu, nimeiandika kwa mkono huu. Ningeipata wapi kama yule mtoto hakuniambia? Ningesema tu, aliniambia, naiona. Maneno mawili. Nikaogopa. Nikaona watasema bibi kizee kaletewa chombo, kapotea nacho. Na wale waliokuwa wanacheka mtaani watacheka vizuri."

Nikasema nililokuwa nalo.

"Ukinyamaza nani atajua? Yule bado kijana, atapata kazi mahali pengine."

Akanigeukia.

"Kwa hiyo hata wewe ungenyamaza."

Nikachukua nyundo. Sikupiga kitu, niliishika tu.

Baada ya hapo alishika simu mara nyingi ampigie daktari. Anatafuta jina, kidole kinakaribia, anairudisha mfukoni. Niliacha kumtazama kwa sababu aliona haya nikimtazama.

Tulikutana na yule binti wa mapokezi kwenye duka la vitambaa. Nilikuwa nachagua kitambaa cha kochi, mke wangu amekuja kunisaidia rangi maana mimi naona zote kahawia. Binti alikuwa anatoka kumwuliza mwenye duka kama anahitaji mtu. Alishika bahasha ya vyeti kifuani. Alipotuona alisimama.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba," nikasema. Mke wangu naye aliitikia, macho yako kwenye vitambaa.

"Mama, naomba nikuulize, usinifikirie vibaya." Aliongea polepole, na zamani alikuwa mtu wa kuongea mbio. "Siku ile, kweli sikukuambia? Maana kwetu wananiambia nisimsingizie mtu mzima. Mimi nakumbuka ulisema ngoja, usikate. Nakumbuka kabisa. Lakini kila nikiwaza naona labda ilikuwa siku nyingine, labda niliota. Nimeanza kujiogopa, mama. Je, na mengine ninayoyakumbuka?"

Nilimwona mke wangu anafungua mdomo. Nikasema moyoni, sasa.

"Nitaangalia, mwanangu," akasema.

"Asante mama. Ukiangalia tu, mimi inanitosha."

Akaenda zake. Mwenye duka akauliza mita ngapi. Nikamwambia tutarudi.

Nyumbani hakuvua hata viatu. Aliifungua kompyuta, akahakikisha ina chaji, akaifunga kwenye kitambaa, akaikumbatia.

"Twende."

"Leo? Upumzike kwanza, twende kesho."

"Kesho nitakuwa nimepata sababu."

Zahanatini mabenchi yalikuwa yamejaa. Daktari mwenyewe alikuwa mapokezi, hajapata mtu, anatafuta kadi ya mzee mmoja kwenye droo na jasho linamtoka. Alimwona mke wangu akatabasamu.

"Afadhali umekuja, mama. Nilitaka tuongee. Kuna kazi nyingine ya ndugu yangu, naye anataka ukurasa."

"Daktari, nina neno."

"Basi pita ofisini."

"Hapana. Hapahapa."

Akaiweka kompyuta juu ya kaunta, akaifunua, akaiwasha. Ilichukua muda kuamka, watu wote wakawa wanangoja pamoja na sisi bila kujua wanangoja nini. Mzee wa kadi akauliza, "Ndiyo zamu yangu?"

"Binti yule aliniambia," mke wangu akasema. Sauti ilifika mabenchi yote. "Aliniambia Alhamisi, mimi nikaandika Alhamisi. Faili ni hili, na siku niliyoliandika imejiandika yenyewe hapa, ni kabla ya wale wazee kuja. Kilichobaki kilikuwa kazi yangu, kufungasha na kupeleka. Nikasahau. Uliponipigia nilikuwa naitazama hiyohiyo Alhamisi, nikakuambia sikumbuki. Nilikuwa nakumbuka."

Daktari alivaa miwani, akainama kwenye kioo. Alikaa hapo zaidi ya inavyohitaji kusoma neno moja.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "hili si lingesemwa ofisini?"

"Yeye ulimwondoa mbele za watu."

Pale kwenye benchi mama mmoja aliyefungwa bendeji jichoni akasema, "Ehee." Basi. Daktari akavua miwani, akaiachia kifuani. Akasema atamwita binti. Kuhusu mke wangu, akasema wataongea.

Hawakuongea. Binti alirudi kwenye kiti chake wiki iliyofuata. Ukurasa wakapewa watu wengine, ile kazi ya ndugu haikutajwa tena, na mtaani habari ilifika kabla yetu. Mama Kompyuta hawakumwita tena kwa sauti, walinong'ona. Yeye hakulalamika. Mvua zilipoanza, shinikizo la damu likamwangusha jikoni, na hakuamka. Wakati wa mazishi niliwasikia watu wakisema alikuwa mtu mwenye moyo mweupe. Sikubisha. Lakini najua alivyoubeba moyo huo miezi ile ya mwisho, na haukuwa mwepesi.

Nirudi kwenye siku ile. Tulipotoka zahanatini nilidhani tunakwenda nyumbani. Yeye akakata kona kuelekea kwa akina yule binti. Binti alikuwa uani anafua, akaja mlangoni mikono ina povu. Mke wangu hakungoja salamu. Alimwambia yote, pamoja na lile la dukani, kwamba hakuwa na cha kuangalia.

Binti alisikiliza mpaka mwisho. Povu likawa linamdondoka miguuni.

"Kwa hiyo sikuota," akasema.

"Hukuota."

"Ulisema ngoja, usikate."

"Nilisema."

Akaitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayehesabu ndani kwa ndani. Nilitazamia alie, au atukane. Ningemwelewa.

"Nimesikia, mama," akasema. Akarudi kwenye nguo zake. Mlango hakuubamiza. Aliuegesha tu.

Tukatembea. Nilimpokea kompyuta, maana mikono yake ilikuwa imechoka. Tulipita duka la vitambaa, tukapita kinyozi. Nikaona uso wake hauna nafuu niliyoitazamia, nikaona nimpe mimi.

"Umeshasema," nikamwambia. "Daktari amesikia, mtoto amesikia, watu wamesikia. Kazini atarudi. Yamekwisha, mama. Tua sasa."

Alisimama katikati ya njia, akanitazama, akaniambia hivi:

"Kiti atarudishiwa, baba. Lakini siku zote hizi amekaa akidhani kichwa chake kinamdanganya, na mimi ndiye niliyekuwa na jibu. Hizo siku namrudishiaje?"